Majimbo, kata na vitongoji Mtwara na Lindi: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye mikutano ya ndani ya chama, kwenye mabao ya kahawa na kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, watu wakisubiri mnada wa korosho. Nimekuwa katibu wa tawi, kisha wa kata, kwa zaidi ya miaka kumi. Chama changu sikitaji, kwa sababu yanayotukuta huku Kusini kwenye habari ya mipaka yanawakuta wote, wanaoitana ndugu na wanaoitana kamanda.

Mwaka 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane. Mbona Mtwara na Lindi hatukupata hata moja?

Hili ndilo swali la kwanza kila ninapoketi, na huulizwa kwa uchungu. Tarehe 12 Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, chini ya mwenyekiti wake Jaji Jacobs Mwambegele, ilitangaza majimbo manane: Kivule na Chamazi mkoani Dar es Salaam, Mtumba Dodoma, Uyole Mbeya, Bariadi Mjini Simiyu, Katoro na Chato Kusini Geita, na Itwangi Shinyanga. Majimbo yote nchini yakafika 272 kutoka 264. Kusini hakuna.

Kabla ya kusema tumeonewa, tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,634,947 Mtwara na 1,194,028 Lindi. Mtwara ina majimbo 10: Mtwara Mjini, Mtwara Vijijini, Nanyamba, Newala Mjini, Newala Vijijini, Tandahimba, Masasi Mjini, Ndanda, Lulindi na Nanyumbu. Lindi ina 8: Lindi Mjini, Mchinga, Mtama, Ruangwa, Nachingwea, Liwale, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini. Gawanya. Mtwara wastani ni watu kama 163,000 kwa mbunge mmoja, Lindi kama 149,000. Wastani wa Tanzania Bara yote, kwa majimbo 222, unakaribia 270,000. Dar es Salaam kabla ya mgawo ule mbunge mmoja alikuwa na watu zaidi ya 538,000.

Safari ile Tume ilitazama majimbo ya mijini yenye watu kuanzia 600,000 na ya vijijini kuanzia 400,000. Kwa kipimo hicho sisi tuko mbali. Kada anayesimama jukwaani Masasi na kusema tumenyimwa jimbo kwa sababu ya siasa zetu anawafurahisha wasikilizaji, lakini anawapeleka kwenye vita ambayo karatasi zake zitatupwa siku ya kwanza.

Kwa hiyo Kusini hatuna hoja kabisa?

Tunayo, na ni nzito. Ila haiko kwenye idadi ya watu, iko kwenye umbali.

Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume, inapoweka mipaka ya majimbo, izingatie upatikanaji wa njia za mawasiliano na hali ya kijiografia ya eneo. Mkoa wa Lindi una zaidi ya kilomita za mraba 60,000 na majimbo manane tu. Mtwara iko chini ya kilomita za mraba 18,000 na ina majimbo kumi. Liwale peke yake ni wilaya kubwa ambayo sehemu yake imo ndani ya hifadhi, na mvua zikikolea, anayekwenda au kutoka huko anajua alichokipata njiani. Kilwa ina pwani, ina bara, na ina kisiwa cha Songo Songo cha kufikiwa kwa chombo. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pande za Somanga, mkoa mzima ulijua maana ya mawasiliano kama kigezo.

Kwa hiyo anayetaka kuandika ombi la Liwale au Kilwa aache kujaza kurasa na ongezeko la watu. Aandike ni saa ngapi kutoka kijiji cha mwisho hadi makao makuu ya wilaya wakati wa kiangazi, na ni siku ngapi wakati wa masika. Aandike ni vijiji vingapi havifikiki kwa gari kati ya Machi na Mei, na mbunge amefika mara ngapi katika miaka mitano. Hayo ukiyaandika kijiji kwa kijiji, yana uzito. Ukiandika "jimbo letu ni kubwa sana", yanaishia hapo hapo.

Nani hasa anagawa jimbo? Mbunge? Mkuu wa wilaya?

Tume ndiyo inayogawa, baada ya kupata kibali cha Rais. Ndivyo Katiba inavyosema. Mbunge hana mamlaka ya kugawa, wala mkuu wa wilaya, wala mwenyekiti wa chama wa mkoa, hata kama anazungumza kama anayo. Na Katiba inaitaka Tume ichunguze mgawanyo wa majimbo angalau kila baada ya miaka kumi.

Lakini kabla ombi halijafika Tume lina njia yake. Linaanzia kwenye halmashauri, linajadiliwa na Baraza la Madiwani, linapanda Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ile watu wanayoiita RCC, halafu Katibu Tawala wa Mkoa analipeleka Tume. Mwaka 2025 dirisha la maombi lilikuwa wazi kuanzia 27 Februari hadi 26 Machi, mwezi mmoja tu. Halmashauri ambayo ilikuwa haijajadili kitu kabla ya Februari isingeweza kuitisha vikao vyote hivyo kwa mpangilio ndani ya siku zile. Dirisha hufunguliwa kwa waliokwisha kuandaa.

Vigezo ni vipi?

Viko vingi na havina uzito sawa. Idadi ya watu, ukubwa wa eneo, mawasiliano, jiografia, hali ya uchumi, mpangilio wa makazi, mipaka ya kiutawala, mazingira ya Muungano, idadi ya viti maalumu vya wanawake, na hata uwezo wa ukumbi wa Bunge kule Dodoma. Hiki cha mwisho huwashangaza wengi, lakini ni kigezo kweli: wabunge lazima wapate pa kukaa.

Viwili vinatuhusu sana na watu hawavijui. Jimbo lisiwe ndani ya wilaya au halmashauri mbili, na kata moja isikatwe ikawa ndani ya majimbo mawili. Ukivishika hivi viwili, utaelewa mambo mengi ambayo yanaonekana kama fumbo.

Mchinga ni vijijini, kwa nini iko Manispaa ya Lindi?

Zamani Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ilibeba majimbo mawili, Mchinga na Mtama. Mwaka 2019 mambo yakapangwa upya. Eneo la Mchinga likaingizwa Manispaa ya Lindi, na upande uliobaki ukawa Halmashauri ya Wilaya ya Mtama. Kwa hiyo leo manispaa moja ina majimbo mawili, Lindi Mjini na Mchinga, na mkulima wa Kitomanga yuko chini ya mkurugenzi wa manispaa.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba mipaka ya jimbo inaweza kubaki palepale, na bado maisha ya watu yakabadilika kwa mpaka mwingine kuhamishwa juu yake. Chama kinachokodolea macho jimbo peke yake kinapitwa.

Basi tueleze tofauti: wilaya, halmashauri, kata, jimbo. Nani anachora nini?

Mikoa na wilaya ni mamlaka ya Rais. Halmashauri, kata, vijiji na vitongoji viko chini ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, yaani TAMISEMI. Majimbo ni Tume.

Sasa ukumbuke kile kigezo kwamba kata haikatwi. Maana yake Tume inapochora jimbo inapanga matofali ambayo hayakufyatuliwa na yenyewe. Anayechora kata amekwisha kuamua nusu ya sura ya jimbo, miaka mingi kabla Tume haijafungua dirisha. Na kata huzaliwa na maamuzi ya vijiji. Kitongoji kikihama kutoka kijiji hiki kwenda kile, hakuna gazeti linaloandika, lakini hapo ndipo kazi ilipofanyika.

Je, ni kweli mchoro wa mipaka unaweza kukibeba chama?

Ndiyo. Hebu tuchore mchangani. Chukua vijiji tisa vyenye wapiga kura sawa, na vyama viwili tuvipe majina ya Embe na Korosho ili asikasirike mtu. Embe ina nguvu kwenye vijiji vitano, Korosho kwenye vinne. Tunatakiwa kupata majimbo matatu, kila moja vijiji vitatu.

Mchoro wa kwanza: vijiji vitatu vya Korosho viwekwe jimbo moja, kile cha nne kitupwe kati ya vijiji vya Embe. Korosho inapata mbunge mmoja, Embe wawili. Mchoro wa pili: vijiji vya Korosho viwekwe viwili hapa na viwili pale, kila pahala na kijiji kimoja cha Embe, na vijiji vitatu vya Embe vilivyobaki virundikwe jimbo moja. Korosho sasa ina wabunge wawili na Embe mmoja, ingawa Embe ndiyo yenye watu wengi. Hakuna kura iliyoibwa wala mtu aliyehama. Kalamu tu imepita njia nyingine.

Marekani mchezo huu una jina tangu 1812, walipolichukua la Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, kwa sababu ya jimbo lililopindwa likafanana na mjusi. Huko kwenye majimbo makubwa kama Massachusetts, mengi yao, wanaochora ni mabunge ya majimbo hayo makubwa, yaani wanasiasa, ndiyo maana ugomvi wao hauishi. Kwetu anachora Tume na kata hazikatwi, kwa hiyo kupinda ni kugumu zaidi. Nimesema ni kugumu, sikusema hakuwezekani.

Mwaka 2015 walipokata Nanyamba, Ndanda na Newala Vijijini, haikuwa njama ya kukisaidia chama tawala?

Wapo wanaoapa kwamba ilikuwa. Mimi naangalia kilichotokea. Mwaka ule Nanyamba ilitoka Mtwara Vijijini, Newala ikawa mbili, na lililokuwa jimbo la Masasi likatoa Masasi Mjini na Ndanda. Uchaguzi ulipofika, Nanyamba na Newala Vijijini zikaenda CCM, Ndanda ikachukuliwa na CHADEMA kwa Cecil Mwambe. Tandahimba na Mtwara Mjini, ambazo hazikuguswa na kalamu, zikaenda CUF. Lindi nayo, ambako hakukuongezwa jimbo, CUF ilichukua Mchinga, Liwale, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini.

Kisha njoo 2020, mwaka ambao upinzani Bara uliambulia viti viwili tu vya kuchaguliwa. Kimoja kilikuwa Nkasi Kaskazini. Cha pili kilikuwa hapa hapa kwetu, Mtwara Vijijini, kipande kilichobaki baada ya Nanyamba kukatwa: Shamsia Mtamba wa CUF alimshinda Hawa Ghasia, aliyekuwa waziri na mbunge wa miaka mingi.

Kwa hiyo mchoro una nguvu, lakini haukamilishi kazi. Kama kuna aliyedhani mstari wa 2015 umemfungia mlango mpinzani Mtwara Vijijini, wapiga kura wenyewe walimjibu. Ninachokiomba kwa wenzangu wa vyama vyote ni kwamba tuseme "njama" pale tunapoweza kuonyesha kijiji gani kilihamishwa kwenda wapi na kwa kikao kipi. Pasipo hayo ni kilio cha msibani.

Tukiona tumeonewa, tunaweza kwenda mahakamani?

Hapa jibu ni chungu. Ibara ya 74 ya Katiba, ibara ndogo ya 12, inasema hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake kwa mujibu wa Katiba. Matokeo ya ubunge yanapingwa Mahakama Kuu kila uchaguzi, hayo ni mengine. Mchoro wenyewe wa jimbo umewekewa ukuta.

Jirani zetu Wakenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya 2010 imeweka majimbo 290, ikaandika kabisa kwamba watu wa jimbo wasizidi wala kupungua wastani wa nchi kwa zaidi ya asilimia 30, au asilimia 40 kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache. Na asiyeridhika na mpaka anaweza kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Sisi hatuna kiwango cha namna hiyo kwenye Katiba, wala mlango huo. Ndiyo maana Bara wastani ni watu 270,000 kwa mbunge na Zanzibar, yenye majimbo 50, ni chini ya 38,000. Najua kigezo cha Muungano na sababu zake, na sitaki kuufungua mjadala huo hapa. Nasema tu kwamba nchi isiyo na kiwango kilichoandikwa huacha kila mgao uonekane kama hisani.

Chama chochote kinachodai Katiba mpya kingefanya vizuri kuibeba ibara hii kwa jina lake, na kuieleza vijijini kwa mfano wa vijiji tisa. Watu wanaelewa. Nimejaribu.

Jimbo likigawanywa, wananchi tunapata nini mfukoni?

Kuna Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Fedha zake hugawanywa kwa kanuni: asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 mgao sawa kwa kila jimbo, 20 kwa kiwango cha umaskini na 10 kwa ukubwa wa eneo. Jimbo moja likiwa mawili, ile sehemu ya mgao sawa inaingia mara mbili. Faida ipo, ila si ile inayotangazwa. Kwa mfuko huu unaweza kumalizia darasa au zahanati iliyoanzwa na wananchi, huwezi kujenga barabara ya lami.

Fedha kubwa kwa watu wa korosho ziko kwenye mpaka wa halmashauri. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 na unaingia halmashauri. Kijiji chenye mikorosho mingi kikihamia halmashauri nyingine kinaondoka na ushuru wake. Ukiona madiwani wanagombana kuhusu kijiji kidogo msichokijua, ulizeni kwanza tani zake kwenye mnada.

Tunataka kupinga au kuomba mabadiliko. Chama chetu kianzie wapi?

Nitasimulia tulivyokosea. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na shauri la vitongoji viwili ambavyo wakazi wake hawakutaka kupelekwa kata mpya, kwa sababu ofisi ya mtendaji ingekuwa upande wa pili wa bonde. Tulijipanga. Tukafanya mkutano wa hadhara, tukapata watu wengi, tukakusanya sahihi mia nne na ushee kwenye daftari la shule. Tukabeba daftari letu hadi halmashauri, tumevaa sare. Ofisa aliyetupokea alituuliza kitu kimoja: muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji uko wapi?

Hatukuwa nao. Na alipofungua jalada lake, muhtasari alikuwa nao yeye. Mkutano ulikuwa umefanyika siku ya mnada, wamehudhuria watu wachache, ajenda ya mpaka imepita chini ya "mengineyo", na imegongwa mhuri. Sahihi zetu mia nne zikawa barua ya malalamiko. Mkutano ule wa watu wachache ukawa uamuzi wa kijiji. Niliumia sana, na zaidi nilijilaumu mwenyewe, kwa sababu wanachama wetu kumi na tisa walikuwa wakazi wa kijiji kile na siku ile walikuwa ghalani.

Tangu siku hiyo nafundisha hivi. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kila tawi liwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujua tarehe, kusoma ajenda ikibandikwa, na kuhakikisha watu wanafika. Si lazima awe msemaji hodari. Afadhali awe mama mwenye daftari na simu, anayejua kila nyumba. Akiona "mpaka", "kugawa", "kuhamisha" au "mengineyo" inayonuka, anapiga simu. Mkutanoni mtu asimame aombe hoja yake iingie kwenye muhtasari na idadi ya waliokubali na waliokataa iandikwe. Kisha muombe nakala. Mkinyimwa, andikeni barua ya kuomba, na nakala ya barua hiyo igongwe mhuri wa kupokelewa.

Baada ya kijiji inakuja Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu Baraza la Madiwani. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, nendeni mkakae nyuma msikilize. Diwani anayesema kijijini kwamba anapinga, kisha barazani ananyamaza, anyamaze mnamwona.

Na msipange jambo la maana Oktoba hadi Desemba kama mnategemea wakulima. Uchaguzi mkuu wenyewe unatuangukia kwenye msimu wa korosho, huo wa 2025 ulikuwa 29 Oktoba, na kila kiongozi wa tawi Tandahimba au Newala anajua ugumu wa kumtoa mtu shambani siku hizo. Tumia miezi ya kabla. Masika watu wapo nyumbani, ingawa wewe mratibu ndiye utakayekwama njiani.

Ombi la kugawa jimbo limeletwa na mtu anayetaka ubunge. Tuliunge mkono?

Mengi huletwa na watu wa namna hiyo, tuseme ukweli. Mtu ameona hawezi kumng'oa mbunge aliyepo kwenye kura za maoni, anaona bora akatiwe lake. Hilo peke yake halilifanyi ombi kuwa baya. Lipimeni kwa swali dogo: ondoeni jina la mtu huyo, je, mama wa kijiji cha mwisho atatembea njia fupi zaidi kufuata huduma? Kama jibu ni hapana, asiwachangishe nauli za kwenda mkoani.

Ndani ya chama jambo hili lijadiliwe kwenye kikao chenye ajenda, na waliopinga wasihesabiwe wasaliti. Nimeona tawi zuri likifa kwa sababu upande mmoja wa mto ulikuwa na mtu wake na upande wa pili nao una wake, na hakuna aliyethubutu kusema hadharani. Wakaanza kurudisha kadi mmoja mmoja.

Jimbo likigawanywa, uongozi wa chama ngazi ya jimbo unakuwaje?

Inategemea chama kimejengwaje. CCM Bara inakwenda shina, tawi, kata, wilaya, mkoa, kwa hiyo jimbo likikatwa ndani ya wilaya ile ile mtikisiko ni mdogo, kazi kubwa ni kupanga upya wapiga kura za maoni. Vyama vyenye ngazi ya jimbo, kama CHADEMA na ACT-Wazalendo, vinapata jimbo lisilo na mwenyekiti, katibu wala ofisi, mara nyingi miezi michache kabla ya kampeni. Someni katiba ya chama chenu mapema kuhusu uongozi wa muda, maana hapo ndipo mkoa au kanda hupachika watu wake na ugomvi ukaanza.

Mbunge wa sasa anapoteza kiti jimbo likikatwa?

Hapana. Mabadiliko hutumika uchaguzi mkuu unaofuata.

Kitongoji changu kimehamishiwa kata nyingine. Napiga kura wapi?

Kwenye kituo ambacho jina lako limo kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Usibahatishe siku ya uchaguzi. Daftari la awali likibandikwa nenda ukalisome, na kama jina liko kituo cha kata ya zamani toa taarifa hapo hapo. Mabalozi na viongozi wa misingi wawapitie wazee, kwa sababu mzee aliyezoea kituo cha shule ya jirani akiambiwa jina lako liko kilomita saba anarudi kulala.

Kijiji chetu kinagombea mpaka na kijiji jirani. Tume inahusika?

Haihusiki. Huo ni mgogoro wa ardhi na utawala, nendeni kwa halmashauri, ofisi ya ardhi na TAMISEMI. Msiuchanganye na jimbo, mtapoteza vyote viwili.

Jina la jimbo je, linabadilishwa?

Ndiyo, kwa njia ile ile ya vikao. Mwaka 2025 Buyungu kule Kigoma likawa Kakonko, na Nkenge kule Kagera likawa Missenyi.

Dirisha lijalo litafunguliwa lini, na tufanye nini sasa?

Tarehe haitangazwi miaka kabla. Tazama 2015, kisha 2025: kila mara ni miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, na muda ni mfupi. Sasa ndio wakati wa kuandika zile saa na siku za safari, kijiji kwa kijiji. Sisi tumeanza na vijiji vitatu. Kijana wetu mwenye bodaboda anajaza kila safari kwenye daftari: tarehe, alipotoka, alipofika, mvua au kiangazi, alikwama wapi. Ukurasa wa kwanza, kutoka kijiji cha mtoni hadi ofisi ya kata mwezi Aprili, unasomeka saa nne na dakika ishirini, na pikipiki ilisukumwa mara mbili.